Maswali ya Wasomaji: Kisanduku cha Vitufe cha Kreni, Waya Zake na Maji ya Mvua

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninasimamia karakana ya kukata na kung'arisha mawe mjini Tanga. Tunatumia kreni ya juu ya tani 2 inayoendeshwa kwa kisanduku cha vitufe sita kinachoning'inia hadi usawa wa kiuno, ambacho sisi hukiita rimoti ya waya. Wakati wa masika mwendeshaji wetu alipigwa na umeme mara mbili alipokishika, na siku moja ndoano ilianza kupanda bila mtu yeyote kubonyeza kitufe. Fundi alikifungua, akakikausha kwa feni, akakipaka silikoni pande zote na kukirudisha. Baada ya wiki chache mambo yamekuwa yale yale. Je, tukinunua kisanduku kipya kisichopitisha maji tatizo litakwisha, na kifungwe namna gani? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote, kreni hiyo isimamishwe leo. Zima swichi yake kuu, weka kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Kreni iliyowahi kupandisha ndoano yenyewe haistahili kubeba jiwe lingine hata moja kabla chanzo hakijapatikana, kwa sababu safari ijayo inaweza kufanya hivyo wakati mtu ameshika mnyororo kuufunga kwenye mzigo.

Sasa nijibu swali lako. Kisanduku kipya pekee hakitamaliza tatizo. Umeniandikia habari za maji, lakini mambo mawili uliyoyaeleza, yaani kupigwa na umeme na ndoano kupanda yenyewe, yananiambia zaidi kuhusu jinsi nyuzi zilivyounganishwa kuliko kuhusu mpira wa kuzuia maji. Kuziba vizuri huchelewesha maji yasiingie, lakini ni mpangilio wa nyuzi unaoamua maji yakishaingia yatafanya nini. Katika karakana inayokata mawe kwa maji, karibu na bahari, ni lazima tufanye kazi tukijua kwamba siku moja yataingia, na siku hiyo kreni inapaswa kusimama.

Tuanze na kupigwa na umeme. Kreni nyingi za zamani, na hata baadhi ya winchi ndogo mpya za bei nafuu, huchukua umeme wa vitufe moja kwa moja kati ya fazi moja na nyutro, yaani volti 230 zile zile za soketi ya nyumbani. Mwendeshaji wako basi huenda alikuwa ameshika kisanduku chenye volti 230 kwa mkono uliolowa, akiwa amesimama juu ya sakafu yenye maji. Kanuni za usalama kazini za Marekani haziruhusu zaidi ya volti 150 za mkondo geu ndani ya kisanduku cha aina hii, na mimi binafsi ningeshuka chini zaidi ya hapo. Weka transfoma ya vitufe yenye mizunguko miwili iliyotenganishwa kabisa, itoe volti 24 au 48. Kumbuka kwamba kontakta, yaani swichi kubwa zinazowasha mota, huvutwa na koili za waya, na koili hizo zote lazima zibadilishwe zilingane na volti hiyo mpya. Ikiwa kebo ni ndefu sana, volti 24 hupungua njiani na kontakta hutetemeka badala ya kushika sawasawa, kwa hiyo kwa karakana ndefu ningechagua 48.

Fundi wako anaweza kukuambia kwamba swichi ya kukata umeme unapovuja iliyo kwenye paneli kuu inatosha kumlinda mwendeshaji. Haitoshi, kwa sababu swichi hiyo haioni kinachovuja upande wa pili wa transfoma. Ulinzi wa upande huo hutokana na volti kuwa ndogo, fyuzi kuwa ya ukubwa unaofaa, na jambo ninalolieleza hapa chini, ambalo naomba ulisome pamoja na fundi wako, mchoro wa kreni ukiwa mezani.

Transfoma ya vitufe ina ncha mbili za kutolea umeme. Ncha moja hupitia fyuzi, kisha kitufe cha dharura, kisha vitufe vya mwelekeo, kisha koili za kontakta. Ncha ya pili huunganishwa moja kwa moja na mwisho wa koili zote, na ncha hiyo hiyo hufungwa kwenye ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Mpangilio ukiwa hivi, tuseme uzi wa kitufe cha "juu" umechubuka na kugusa chuma chenye ethi. Kitufe kisipobonyezwa hakuna kinachotokea. Kikibonyezwa, umeme hukimbilia ethi bila kupita kwenye koili, fyuzi hukatika, na kreni husimama. Uzi uliochubuka ukiwa ule wa kabla ya kitufe, fyuzi hukatika papo hapo. Vyovyote iwavyo, hitilafu inaleta kusimama.

Geuza mpangilio huo, vitufe viwe upande wa ncha yenye ethi na koili ziwe upande wa fyuzi, uone hatari yake. Uzi ule ule ukigusa chuma chenye ethi, koili inapata njia kamili ya umeme bila kitufe kubonyezwa. Ndoano inapanda. Mwendeshaji anapiga kitufe cha dharura, lakini kama nacho kiko upande huo huo, umeme umeshakipita pembeni na hakikati kitu. Sijaiona kreni yako, lakini ndoano iliyopanda yenyewe wakati wa mvua inanifanya nitake hili lichunguzwe kabla ya lingine lolote. Na kama hakuna ncha iliyofungwa kwenye ethi kabisa, hitilafu ya kwanza haitaonekana. Itakaa kimya kwa miezi, na ya pili ndiyo itakayoendesha kreni.

Lipo jambo ambalo mpangilio huu hauliondoi. Maji machafu yenye vumbi la mawe au chumvi yanaweza kulaza njia ya umeme kutoka skrubu yenye umeme hadi skrubu ya jirani yake ya "juu", na umeme huo ukapita kwenye koili kama vile kitufe kimebonyezwa. Koili za kontakta kubwa huhitaji umeme wa kutosha ili zivute, lakini rilei ndogo (swichi ndogo zinazovutwa na umeme) na vidhibiti vya kielektroniki huamshwa na umeme kidogo sana. Kwa sababu hiyo kitufe cha dharura kikate kontakta kuu inayolisha mota zote, na kwa sababu hiyo pia kuziba bado ni kazi ya lazima.

Kuhusu kebo, hesabu nyuzi kabla ya kwenda dukani. Kreni yenye mielekeo sita inahitaji nyuzi 6 za mielekeo, uzi 1 unaoleta umeme, 1 unaotoka kwenye kitufe cha dharura, 1 wa kitufe cha kuwasha, na 1 wa ethi wenye rangi ya kijani na njano. Jumla ni 10, kwa hiyo nunua kebo ya nyuzi 12 ili mbili ziwe akiba. Iwe kebo laini yenye nyaya nyembamba nyingi ndani ya kila uzi, ya milimita mraba 1 au 1.5, na nyuzi ziwe na namba. Waya mgumu wa kuvutia umeme ndani ya ukuta usitumike hata kwa muda, kwa kuwa kitu kinachovutwa na kukunjwa kutwa nzima kitaukata ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima.

Uzito wa kisanduku na mvuto wa mkono wa mwendeshaji usibebwe na kebo. Wapo watengenezaji wanaouza kebo yenye nyaya za chuma pembeni kwa kazi hiyo; usipoipata, funga mnyororo mwembamba au waya wa chuma kutoka kwenye toroli ya kreni (kigari cha juu kinachobeba winchi) hadi kwenye pete iliyo juu ya kisanduku, uwe mfupi kuliko kebo kwa shibiri moja au mbili. Mwendeshaji akivuta, mnyororo ukaze na kebo ibaki imelegea. Nimefungua visanduku vingi ambavyo maji yalilaumiwa, kumbe kebo ilikuwa imevutwa ikatoka kwenye glendi (kibano chenye mpira pale kebo inapoingilia kisanduku) na kuacha upenyo wa kuingiza penseli.

Ndani ya kisanduku, kila uzi uvalishwe kikofia cha shaba kinachobanwa kwa koleo lake kabla ya kuingia chini ya skrubu. Usiyeyushe risasi kwenye ncha ya uzi. Risasi hulegea polepole chini ya mbano wa skrubu, na baada ya miezi michache uzi unacheza. Uzi wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko mingine, ili kebo ikivutwa kwa nguvu ya ajabu uwe wa mwisho kuchomoka. Nyuzi za akiba zifunikwe ncha zake, zisiachwe zikielea.

Sasa tuje kwenye kuziba. Alama IP65 utakayoiona kwenye kisanduku ina maana kwamba vumbi haliingii (ndiyo 6), na kwamba kinastahimili maji yanayorushwa kwa bomba (ndiyo 5). Jaribio la tarakimu hiyo ya pili hufanywa kwa bomba lenye mdomo wa milimita 6.3 linalotoa lita 12.5 kwa dakika. Kwa karakana yako, usichukue chini ya hapo. Hata hivyo fahamu kwamba pampu ya presha ya kuoshea mashine ina nguvu kupita jaribio hilo, basi waoshaji wakatazwe kabisa kukielekezea kisanduku. Fahamu pia kwamba alama hiyo ni ya kisanduku kilivyotoka kiwandani. Ukitoboa tundu jipya au ukaacha tundu la zamani bila kizibo chenye mpira wake, alama hiyo haina maana tena.

Glendi ndiyo inayowashinda wengi. Pima unene wa nje wa kebo kwa venia (kipimo cha taya cha kupimia unene), kisha uchague glendi ambayo unene huo unaangukia katikati ya kipimo chake. Glendi iliyo kubwa haibani, na kuizungushia kebo mkanda wa selotepu ili ijae ni kujidanganya, kwa sababu maji hupita kati ya tabaka za mkanda. Ganda la nje la kebo lazima lipite kwenye mpira wa glendi na kuonekana ndani ya kisanduku kwa takriban milimita 10. Kebo bapa haitazibwa na mpira wa duara hata ukikaza kwa spana mbili. Inahitaji mpira wenye tundu bapa. Na kwa kuwa kisanduku cha kuning'inia huingiza kebo kutoka juu, ambako maji hutiririka kufuata kebo, chagua chenye mkono wa mpira uliochongoka juu ya glendi, au uiongezee glendi kofia ya mpira.

Kuna njia ya maji ambayo mafundi wazuri pia huisahau. Angalia ncha ya juu ya kebo, kwenye kisanduku cha maungio kilicho juu ya toroli. Kama pale juu paa linavuja na kebo haikuzibwa, maji huingia kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi, hushuka ndani ya kebo mita zote zile na kudondokea ndani ya kisanduku cha vitufe. Utabadilisha gasketi ya chini (mpira wa kuziba mfuniko) mara kumi bila mafanikio. Ziba juu kwanza.

Silikoni mliyoipaka iondolewe. Silikoni ya kawaida ya bafuni, ile yenye harufu ya siki inapokauka, hutoa asidi inayokula shaba, na mvuke wa baadhi ya silikoni ukitua kwenye kontakti (vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya kitufe kupitisha umeme) zinazotoa cheche huacha utando mgumu usiopitisha umeme. Isitoshe, kisanduku kilichogandishwa kwa silikoni hakifunguliwi kukaguliwa, na unyevu ulioingia hauna pa kutokea. Kinachotakiwa ni gasketi mpya inayolingana na mfereji wake. Kama mikono ya waendeshaji ina mafuta na grisi, omba gasketi ya mpira wa nitrile, kwani mpira wa EPDM huvimba ukikutana na mafuta ya mashine. Kaza skrubu za mfuniko kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi gasketi ibanwe sawasawa pande zote. Plastiki ikipasuka kwenye tundu la skrubu, kisanduku hicho kimekwisha. Badilisha pia vifuniko vya mpira vya vitufe mara vinapoanza kuwa na nyufa, kwa sababu kidole kinachobonyeza mara mamia kwa siku huchosha mpira huo mapema kuliko sehemu nyingine.

Mwisho, jaribio. Umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli, weka karatasi kavu ya shashi ndani, funga kisanduku, kimwagie maji ya bomba la kawaida kwa dakika tatu kutoka kila upande, hasa juu, kikaushe nje, kisha ufungue. Karatasi ikiwa na hata doa moja, tafuta njia ya maji. Baada ya hapo tenganisha transfoma, fungua kwa muda kiungo chake cha ethi, ondoa kila kifaa cha kielektroniki, kisha pima nyuzi zote dhidi ya ethi kwa mita ya kupima uzuiaji ya volti 500. Usikubali chini ya megaomu 1 (omu milioni moja), na kwa kebo mpya utarajie zaidi sana ya hapo. Rudisha kiungo cha ethi kabla ya kuwasha, kwa sababu ukikisahau umerudi kwenye ile hatari ya hitilafu isiyoonekana. Kisha jaribu kila kitufe ndoano ikiwa tupu. Bonyeza "juu" na "chini" pamoja uhakikishe hakuna kinachoshika, na upige kitufe cha dharura wakati kreni inaenda, katika kila mwelekeo. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania; asiyejua kusoma mchoro wa kontakta asiiguse, hata kama ni hodari wa kufunga umeme wa nyumba.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Umeme wa kiwandani kwetu ulikatwa na kurudishwa baada ya matengenezo ya nguzo. Tangu hapo kitufe cha "juu" kinashusha na cha "chini" kinapandisha. Nimefikiria kubadilishana nyuzi mbili kwenye vitufe. Inafaa? — Msomaji, Thika.

JIBU: Marahaba. Haifai, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kushika bisibisi. Mpangilio wa fazi tatu umegeuka, kwa hiyo mota zote zinazunguka kinyume. Swichi ya ukomo wa juu, ambayo huzuia ndoano isigonge ngoma ya winchi, kwa kawaida hukata koili ya kontakta ya "juu". Ukibadilisha nyuzi za vitufe, ndoano itapandishwa na kontakta ya "chini", na swichi ya ukomo itakapoguswa itakata kontakta isiyofanya kazi wakati huo. Ndoano itaendelea kupanda hadi kamba ya chuma ikatike na mzigo udondoke. Zima umeme, badilishana fazi mbili kwenye maingilio makuu ya kreni, kisha ujaribu swichi ya ukomo ndoano ikiwa tupu, ukipandisha kwa kugusa kitufe kidogo kidogo. Kagua pia mashine nyingine za fazi tatu hapo kiwandani. Pampu na feni zitakuwa zinazunguka kinyume bila mtu kutambua.

SWALI: Kisanduku tulichoagiziwa kina kitufe chekundu cha dharura, lakini fundi anasema kontakti yake haifanani na ya vitufe vingine na anataka kuibadilisha. Je, yuko sahihi? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Hayuko sahihi. Kontakti ya kitufe cha dharura hupitisha umeme muda wote na hukata pale kitufe kinapopigwa, tofauti na vitufe vya mwelekeo ambavyo hupitisha vinapobonyezwa tu. Imefanywa hivyo kwa makusudi: uzi wake ukikatika au skrubu ikilegea, kreni husimama na tatizo hujulikana siku hiyo hiyo. Kikiwekwa cha aina ya pili, uzi unaweza kukatika leo na msijue hadi siku mtakayokihitaji kuokoa mtu. Hakikisha kwamba kikipigwa kinabaki kimezama mpaka kizungushwe au kivutwe kwa mkono, na kwamba kukiachilia hakuiwashi kreni yenyewe, bali ni lazima kitufe cha kuwasha kibonyezwe. Mwambie pia fundi atazame alama ya mshale ndani ya duara iliyo kwenye kontakti. Maana yake ni kwamba nguvu ya kidole huitenganisha kontakti moja kwa moja hata kama imeganda kwa cheche.

SWALI: Kisanduku chetu ni cha plastiki na kina alama ya mraba ndani ya mraba. Uzi wa ethi niufunge wapi? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Alama hiyo ina maana kwamba kisanduku kina kinga maradufu na hakihitaji ethi. Usiukate uzi huo na usiuunganishe na skrubu au pete ya chuma ambayo mkono unaweza kuigusa; ufunge kwenye kiungio chake peke yake ndani, ili siku mkiweka kisanduku cha chuma uwepo tayari.

SWALI: Mwendeshaji wetu hufunika kisanduku kwa mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira wakati wa mvua. Kuna ubaya gani? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Nimeuona mfuko huo katika karakana nyingi, na namwelewa anayeufunga, kwa kuwa anajaribu kujikinga kwa kile alicho nacho. Lakini joto la mchana hugeuza unyevu uliomo kuwa mvuke, na jioni mvuke huo hurudi kuwa matone juu ya kisanduku, bila upepo wa kuyakausha. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kidole hakikioni kitufe sawasawa, na nailoni iliyokunjamana inaweza kukishikilia kitufe kikiwa kimezama baada ya kidole kuondoka. Uondoeni mfuko, kisha mmuulize mwendeshaji huyo ni mahali gani hasa anayaona maji yakiingia. Yeye hukishika kutwa nzima na huenda anajua ufa ulipo. Kisanduku kinapolala, kivutwe hadi mahali penye paa na kitundikwe wima, kebo ikiwa imeacha tao dogo linaloning'inia chini ya usawa wa glendi ili maji yadondoke pale kwenye tao.